Mwaka Niliotafsiriwa

Mwezi uliopita nilipigiwa simu hapa Ruhuwiko na katibu wa kamati ya wanafunzi wa zamani wa shule yetu. Ni binti mstaarabu. Aliniamkia, akaniuliza hali ya magoti yangu, kisha akanieleza kuwa kamati imeamua maktaba ya shule ipewe jina la marehemu Mwalimu Ndunguru, aliyetutoka mwaka jana, na kwamba siku ya sherehe patagawiwa kijitabu. "Mama, wewe ndiye uliyesafiri naye kwenda Ujerumani," alisema. "Tunaomba ukurasa mmoja tu wa kumbukumbu nzuri. Mlivyopokelewa, vitabu vilivyopatikana, basi." Nikamuuliza, na kama kumbukumbu zenyewe si nzuri? Akacheka kwa adabu, akidhani namtania. Alipoona sicheki akasema, "Lakini mama, miaka mingi imepita." Ni kweli imepita. Nimeolewa, nimezaa, nimewauguza watu katika wodi mpaka nikastaafu, na mvi zimenijaa kichwa kizima. Lakini sijawahi kuona jambo lililosemwa vibaya likajinyoosha lenyewe kwa sababu tu limekaa muda mrefu. Kwa hiyo naandika, na ukurasa mmoja hautanitosha.

Mwaka ule nilikuwa kidato cha tatu. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya mjini Songea, ambayo tangu utoto wangu tuliyajua kwa rafu tupu na chumvi ya mawe, yalianza kuwa na sabuni za kunukia, redio za kaseti na vitenge vya kuchagua. Pale Bombambili, tulipokuwa tukiishi, mitumba ilimwagwa chini kwenye maturubai, na watu wazima na heshima zao waliinama kuchakura. Shuleni, kinyume chake, vitu vilizidi kupungua. Chaki ziliisha kabla ya muhula kuisha, kitabu cha fizikia tulikisoma benchi zima, na mkuu wa shule alitutangazia mstarini kwamba sasa wazazi watachangia, serikali imechoka. Katika hali hiyo Mwalimu Ndunguru alikuwa kama neema. Aliwahi kusoma Ujerumani miaka kadhaa, alikijua Kijerumani barabara, na ndiye aliyeanzisha urafiki kati ya shule yetu na shule moja ya huko. Naomba nieleweke: alikuwa mwalimu hasa. Angeweza kukueleza mkondo wa umeme kwa waya mmoja na betri iliyokufa, ukaondoka umeelewa. Nilimpenda kama mwanafunzi anavyompenda mwalimu anayemfanya ajione ana akili.

Mwaka uliotangulia safari yetu, wageni kutoka shule hiyo walikuja Songea, na Mwalimu akawaleta nyumbani kwetu kwa kuwa nilikuwa nimeongoza darasa. Nyumba yetu ilikuwa ya tofali za kuchoma na bati, ndani ina sebule yenye viti vilivyofunikwa vitambaa alivyovifuma mama mwenyewe. Jiko lilikuwa nje, la nyasi, kama majiko yote ya jirani, maana hakuna mtu mwenye akili timamu anayepikia kuni chini ya dari yake. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha na kuni zimelowa. Mgeni mmoja mwenye ndevu na kamera shingoni alimfuata mama jikoni, akachuchumaa mlangoni, akaanza kupiga picha. Mama alikuwa anafuta macho kwa pindo la khanga na huku anacheka. "Mwambie asubiri nivae gauni la kanisani," aliniambia. Nikamfikishia Mwalimu. Mwalimu akasema, "Mwache tu, ni picha za kawaida." Baadaye wakaingia ndani, wakanawa, wakala wali na kuku. Mwalimu alikaa na baba, wakazungumzia bei ya mbolea, na mama akawaongeza mchuzi. Siku ikaisha, sikuifikiria tena.

Tulisafiri watu watatu: Mwalimu, mimi, na Shaibu, mvulana mpole kutoka Lusewa aliyekuwa akikaa bweni. Katika mji ule mdogo wa Ujerumani kila mmoja wetu alipewa familia yake. Mimi nilipokewa na mama mmoja mrefu, mjane, na binti yake wa umri wangu aliyeitwa Katrin. Mimi na Katrin tulizungumza Kiingereza chetu cha darasani, tukielewana kwa subira. Mama yake hakukijua, naye nilimwita Mama Katrin, kama ambavyo ningemwita mama wa rafiki yeyote. Alipofafanuliwa maana yake alifurahi sana, akawa anajiita hivyo kwenye simu. Walinipa chumba juu ghorofani, chenye dirisha linalotazama paa la jirani, na blanketi la manyoya zito kama mtu amekulalia. Chakula chao cha jioni kilikuwa mkate, jibini na matango ya siki, vyote baridi, na jioni ya kwanza nilikula kidogo kwa sababu nilidhani chakula chenyewe bado kinaletwa. Nilisubiri mpaka wakaanza kutoa vyombo. Katrin aliponiuliza kwa nini nimekodoa macho kuelekea jikoni nikamwambia ukweli, tukacheka mpaka mama yake akaja kuuliza kulikoni. Nasema haya ili mtu asidhani niliwachukia wenyeji wangu. Walinitunza.

Shaibu alikaa kwa mzee na mkewe, mtaa wa pili. Siku ya kwanza walitualika sote, wakaleta sahani ya nyama iliyokatwa vipande vyembamba vya rangi ya waridi. Shaibu akamuuliza Mwalimu kwa Kiswahili, "Hii ni nyama gani, Mwalimu?" Mwalimu, akiendelea kutabasamu kwa wenyeji, akamjibu, "Wewe kula, usituaibishe." Shaibu akaweka uma chini. Akala mkate na siagi, na kesho yake vivyo hivyo, mpaka alipochoka akamwambia yule bibi mwenyewe, kwa Kiingereza na kwa kuchora nguruwe kwenye karatasi, kwamba dini yake haimruhusu. Bibi alishika mdomo kwa aibu. Tangu hapo alimkaangia mayai kila asubuhi na hakuna aliyekufa. Ningekuwa na akili ya sasa, ningejifunza pale pale kwamba watu wale walikuwa wanaambilika, mradi wangeambiwa.

Wiki ya pili ulifanyika usiku wa Tanzania katika ukumbi wa kanisa lao. Mama alinishoneshea gauni la bluu lenye marinda kwa fundi wa Bombambili, maalumu kwa shughuli kama hiyo, na Mama Katrin alikuwa amelipiga pasi. Mwalimu aliponiona mlangoni alinyoosha kidole. "Hilo gauni hapana. Vaa khanga. Na viatu viache kwenye gari." Nikamwambia sakafu ni ya baridi. Akasema, "Yustina, nisikilize mimi, hawa nawajua." Nilivaa khanga juu ya gauni, viatu nikakataa kuvua. Taa zikazimwa, picha zikaanza kumulikwa ukutani: barabara yetu ya vumbi, watoto wa shule ya msingi pekupeku, kisha mama yangu, mkubwa kuliko mlango, ameinama katika jiko la nyasi, pindo la khanga jichoni. Nyumba haikuwamo. Mpiga picha alikuwa ameipa mgongo. Mwalimu akaniita mbele. "Sema kwa Kiswahili, wazee wanapenda kuisikia lugha yenyewe. Mimi nitatafsiri." Nikasema, naikumbuka kila sentensi, kwamba huyu ni mama yangu, anawasalimu, kwamba hilo ni jiko letu la nje na nyumba iko nyuma ya aliyepiga picha, kwamba siku hiyo kuni zilikuwa mbichi na moshi ulimwingia machoni, na kwamba alikuwa anacheka kwa sababu alitaka kwanza abadilishe nguo. Nilitegemea watacheka. Mwalimu akaongea, kwa kirefu kuliko mimi. Hakuna aliyecheka. Mwanamke wa safu ya mbele alitoa leso. Mama Katrin alikuwa analia waziwazi. Kikapu kikapitishwa, na watu wakawa wanakuja kunishika mkono kwa mikono yao miwili, kama tunavyowashika wafiwa.

Alichotafsiri Mwalimu nilikuja kukijua asubuhi, mezani. Mama Katrin aliniwekea vipande vinne vya mkate ambavyo sikuviomba, akanipapasa kichwa, akatoka. Katrin alikuwa anachezea kijiko. "Kwa nini hukuniambia?" aliuliza. "Tumekaa siku zote hizi, tumecheka, hukuniambia kwamba mnalala katika kile kibanda." Nikamuuliza kibanda gani. "Na kwamba mama yako analia kwa sababu hamjala." Nilimwambia arudie. Akarudia, polepole, akitafuta maneno ya Kiingereza, na kila neno alilolipata nililisikia likimpiga mama yangu. Nikamwambia nilichosema mimi. Tulitazamana. Katrin alikunja uso, kwanza akinishuku mimi, nikaona kabisa ananishuku, kisha akasema, "Moshi?" Nikasema, "Moshi. Kuni mbichi." Akasukuma sahani yake pembeni.

Mwalimu nilimkuta siku hiyohiyo kwenye ukumbi uleule, anafunga maboksi ya vitabu kwa kamba. Alikuwa na furaha. Nilimuuliza alitafsiri nini. Hakukana, na mpaka leo namhesabia hilo. Aliendelea kufunga fundo, akasema, "Kaa chini. Nimeandika maombi wizarani tangu unaingia kidato cha kwanza. Nimejibiwa tuchangie. Wazazi wenu watachangia nini? Mahindi? Hawa wana vitabu wanatupa. Lakini hawampi mtu aliyeshiba, wanampa mwenye njaa. Ndivyo walivyo." Nikamwambia, "Lakini mimi sikusema tuna njaa." Akasema, "Ndiyo maana nilikuwepo mimi." Nikamwambia kwamba kama ni hivyo angemtumia mama yake mwenyewe. Kwa mwanafunzi wa miaka ile, kumwambia mwalimu hivyo ilikuwa sawa na kumtemea mate. Alisimama, akasema kwa sauti ya chini, "Mama yangu hana picha." Kisha akaniamuru nitoke. Nimelifikiria sana jibu hilo katika maisha yangu. Kuna siku limenitia huruma. Siku nyingine nimeliona kama hila nyingine tu ya mtu aliyejua kuchagua maneno.

Kabla ya kuondoka walitupeleka mji mkubwa kwa treni. Tulipanda mnara, tukapelekwa dukani ambako ngazi zinajiendesha zenyewe, na mchana tukaingia nyumba ya makumbusho. Katika chumba cha nyuma, ndani ya kabati la kioo, zilikuwamo ngao za ngozi ya ng'ombe na mikuki, na Katrin akatusomea kibao: vitu vya Wangoni, kutoka kusini mwa koloni. Sisi wa Songea hatuhitaji kusimuliwa vita vile na Wajerumani. Vimo katika majina ya babu zetu. Shaibu, ambaye kwao Wayao nao walikuwa na wafu wao wa vita hivyohivyo, aliuliza, "Vilifikaje hapa?" Mtembezaji akajibu, na Katrin akatafsiri kwamba vilikusanywa. "Vilikusanywa," Shaibu alirudia kwa Kiswahili, "kama kuni." Mwalimu akatuambia tusimame mbele ya kabati tupigwe picha, na tutabasamu. Shaibu alikwenda kusimama dirishani na mimi nikamfuata. Pale dirishani nikamwambia kwamba usiku wa kuagana nitasema mwenyewe. "Watakufukuza shule," alisema. Kisha akaongeza, "Mimi nitakaa karibu nawe."

Usiku wa kuagana nilivaa gauni la bluu peke yake. Nilipoitwa kushukuru, Mwalimu akasimama kando yangu kama kawaida, nami nikasema kwa Kiingereza kwamba leo atanitafsiria Katrin. Nilikuwa nimemwomba aseme kama ninavyosema, asiongeze chumvi, asipunguze. Sikuwatukana. Niliwashukuru kwa chumba, kwa mkate, kwa vitabu. Nikasema tunavihitaji vitabu kwelikweli, maana shuleni kwetu havipo, na hiyo ingetosha kuwa sababu. Kisha nikasema mama yangu hakuwa analia. Nyumba yetu ina bati. Siku ile ya picha wageni wenu walikula kwetu na wakabakiza. Katrin alitafsiri uso umemwiva. Mzee mmoja wa nyuma akauliza kwa ukali, na Katrin akanigeuzia swali: kama hamna njaa, sisi tulilia nini? Mpaka sasa najua tu kwamba swali hilo hakupaswa kuniuliza mimi. Mwalimu akalidaka, akasema kitu kwa Kijerumani huku akitabasamu, na watu wakapumua, wengine wakacheka kidogo. Katrin aliniambia baadaye alichosema: kwamba binti huyu ana fahari sana, na kwamba maskini wote wenye heshima huona aibu kukiri. Yaani hata niliposema kwa mdomo wangu, nilitafsiriwa tena.

Mama Katrin hakusema nami garini. Asubuhi aliniandalia chakula cha njiani, akanikumbatia kama mtu anayetimiza wajibu. Alijiona amechezewa, na aliyemchezea alimwona ni mimi.

Turuhusu jambo moja lisemwe wazi: vitabu vilifika. Vilikuja kwa meli, vikapandishwa lori mpaka Songea, na nusu yake vilikuwa vya Kijerumani ambavyo hakuna aliyeweza kuvisoma isipokuwa Mwalimu. Vilivyobaki nilivisoma kimoja baada ya kingine, na vilinifikisha chuo cha uuguzi. Nilivisoma kwa hasira. Sioni kwa nini nisingeweza kuvisoma kwa amani.

Tuliporudi, mkuu wa shule aliniita mbele ya mstari, akasema nimeiaibisha shule ugenini na nimemkosea adabu mwalimu aliyenibeba. Nikavuliwa ukaka wa darasa, maana ndivyo tulivyouita uongozi hata kwa wasichana, nikapewa kufyeka uwanja, na mzazi wangu akatakiwa afike. Baba alikuwa shambani. Alikuja mama. Nilikuwa nimemsimulia kila kitu usiku nilipofika, naye alisikiliza bila kuniuliza swali, akaendelea kuchambua maharage. Alivaa gauni la kanisani na viatu vyake vya kufunga. Ofisini walikuwepo mkuu wa shule na Mwalimu Ndunguru. Wote wawili walikuwa wadogo kwake kidogo kiumri, wakamwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitikia, "Marahaba, wanangu," akakaa. Mkuu akaeleza makosa yangu kwa urefu. Mama akaitikia kwa kichwa, kwa utulivu, mpaka mkuu akamaliza.

"Nimesikia," alisema. "Adhabu yake atafanya. Mtoto akimjibu mwalimu, afyeke. Mimi nina swali kwa Mwalimu." Akamgeukia. "Mwalimu, siku ile ulikula kwangu?"

"Nilikula, mama."

"Ulishiba?"

"Nilishiba."

"Basi nataka kuyasikia hayo maneno uliyowaambia. Kwa hicho Kijerumani. Niisikie sauti yake tu."

Mkuu wa shule akaanza kusema kwamba hakuna haja, mama akainua mkono bila kumtazama. Mwalimu akayasema. Yalikuwa maneno machache, yakatoka kinywani mwake kwa ufasaha. Mama akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa.

"Sasa sema kwa Kiswahili, mbele ya mtoto wangu."

Huyo mtu aliyeweza kueleza umeme kwa betri iliyokufa alitazama meza. Alishika kalamu, akaiacha. Dirishani zilisikika fyekeo za wanafunzi wengine waliokuwa kwenye adhabu. Hatimaye akasema, na sijawahi kumsikia akisema kwa udhaifu namna ile, "Nilisema, mama huyu analia kwa sababu watoto wake hawajala."

"Kumbe ni maneno mafupi hivyo," mama alisema. Akainuka, akawaaga wote wawili kwa majina yao, akatoka.

Nilimsindikiza mpaka njia ya Bombambili. Nilikuwa nimejaa ushindi, nataka tuyarudie yote, uso wa Mwalimu, mkuu alivyonyamazishwa. Tulipokaribia sokoni mama akaniuliza, "Yule mama uliyekaa kwake, alilia kweli?" Nikasema alilia mbele za watu. Akasimama, akapangusa vumbi kwenye kiatu. "Maskini," alisema. "Alinililia mimi, mtu asiyemjua. Na machozi yake yenyewe wamemdhulumu." Mama yangu alikuwa na moyo wa namna hiyo. Mimi sikuwa nao siku ile na sijaupata tangu siku ile. Nilimpita, nikatangulia mbele kwa haraka, ili nisimsikie akiwahurumia.